Jina chini ya mchoro: kwa nini yapo makumbusho ya sanaa ya watoto

Mwezi wa Agosti mwaka 1945, miezi mitatu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kumalizika barani Ulaya, kijana mmoja aitwaye Willy Groag aliwasili mjini Prague akiwa na masanduku mawili ya safari. Ndani yake hamkuwa na nguo wala fedha. Mlikuwa na michoro ya watoto ipatayo 4,500. Mingine ilichorwa kwa penseli, mingine kwa rangi za maji, na mingine ilitengenezwa kwa kubandika vipande vya karatasi vilivyokatwa kutoka fomu za ofisini.

Michoro hiyo ilitoka Terezín, mji wenye ngome ulioko yapata kilomita 60 kaskazini mwa Prague, ambao Wanazi waliugeuza kuwa kambi ya kuwafungia Wayahudi. Wengi wa watoto walioichora hawakuwa hai tena. Mwalimu aliyewafundisha naye alikuwa ameuawa. Leo michoro hiyo inahifadhiwa na Jumba la Makumbusho ya Kiyahudi la Prague, na sehemu yake huonyeshwa katika sinagogi la kale la Pinkas, ambalo kuta zake zimeandikwa majina ya Wayahudi wapatao 80,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi.

Kila nyumba yenye mtoto ina michoro. Mingi hubandikwa kwenye mlango wa friji kwa wiki moja au mbili, kisha ikatupwa. Je, mchoro wa mtoto una thamani gani hata ujengewe jumba la makumbusho, uwekewe walinzi na kuhifadhiwa kwa miaka themanini? Masanduku ya Terezín ni mahali pazuri pa kuanza kulitafuta jibu, ingawa historia yenyewe inaanza nusu karne kabla yake.

Aina tatu za makumbusho

Kwanza ni vyema kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Yapo makumbusho yaliyojengwa kwa ajili ya watoto. La kwanza duniani linatajwa kuwa lile la Brooklyn, New York, lililofunguliwa mwaka 1899. Huko mtoto haambiwi asiguse. Anaalikwa kushika, kufungua na kujaribu, na kwa njia hiyo hujifunza sayansi, historia na maisha ya watu wengine.

Yapo pia makumbusho ya picha ambazo watu wazima huwachorea watoto vitabuni. Mjini Tokyo, jumba la Chihiro lilifunguliwa mwaka 1977 mahali ilipokuwa nyumba ya mchoraji Iwasaki Chihiro, aliyefariki dunia mwaka 1974. Nchini Marekani, jumba la Eric Carle lilifunguliwa mjini Amherst, jimbo la Massachusetts, mwaka 2002. Mwanzilishi wake ndiye mchoraji wa kile kitabu cha kiwavi mwenye njaa kinachojulikana na watoto wa mataifa mengi.

Aina ya tatu ndiyo adimu zaidi, nayo ndiyo tunayoizungumzia hapa. Ni makumbusho ambayo kazi zinazotundikwa ukutani zimefanywa na watoto wenyewe. Katika aina ya kwanza mtoto ni mgeni. Katika ya pili ni msomaji. Katika ya tatu yeye ndiye msanii, na mtu mzima ndiye anayekuja kutazama na kujifunza.

Ukuta wa mbao mjini Vienna

Wazo kwamba mtoto anaweza kuitwa msanii si la zamani sana. Katika shule nyingi za Ulaya za karne ya 19, somo la kuchora lilikuwa somo la kunakili. Mwalimu alichora mraba, duara au jani ubaoni, na wanafunzi wakaiga mstari kwa mstari. Mchoro mzuri ulikuwa ule unaofanana na wa mwalimu. Kile ambacho mtoto alichora kwa hiari yake kilihesabiwa kuwa uchafu wa daftari.

Aliyeanza kulitazama jambo hilo kwa jicho jingine ni Franz Cižek, aliyezaliwa mwaka 1865 katika mji wa Litoměřice huko Bohemia. Alikwenda Vienna mwaka 1885 kusomea uchoraji, akapanga chumba katika nyumba ya familia yenye watoto. Watoto hao walipomwona akichora, nao waliomba rangi na karatasi, naye akawapa. Inaelezwa pia kuwa karibu na nyumba aliyokaa kulikuwa na ukuta wa mbao, na kila siku watoto wa mtaani waligombea nafasi ya kuchora juu yake. Cižek aliwatazama kwa muda mrefu na kugundua kwamba michoro yao ilikuwa na kanuni zake, ambazo hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Mwaka 1897 aliruhusiwa kufungua darasa lake la sanaa kwa watoto. Walikuja mwishoni mwa juma, wa matajiri na wa maskini, bila kulipa ada. Hawakupewa picha za kunakili. Walipewa vifaa, wakaachwa wachore yale waliyoyaona na yale waliyoyawaza.

Kazi za darasa hilo zilisafiri mbali. Mwaka 1920 zilionyeshwa mjini London, na baadaye katika miji mingine ya Uingereza na ng'ambo ya Atlantiki. Maonyesho hayo yaliambatana na harakati za shirika la Save the Children, lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu uliotangulia, kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wa Vienna walioteseka kwa njaa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza waliokuwa wakipigana na Austria miaka miwili nyuma walisimama mbele ya picha za watoto wa adui wao wa jana, wakaona nyumba, sikukuu, miti na mama zao. Hapo yalionekana mambo mawili ambayo makumbusho ya sanaa ya watoto yameyabeba hadi leo: kumheshimu mtoto kama msanii, na kuitumia kazi yake kuwafungua macho watu wazima.

Mwalimu wa Terezín

Mmoja wa waliopita mikononi mwa Cižek alikuwa msichana wa Vienna aitwaye Friedl Dicker, aliyezaliwa mwaka 1898. Baadaye alisoma katika chuo mashuhuri cha Bauhaus, mjini Weimar, Ujerumani, akawa mchoraji na mbunifu wa samani, vitambaa na mapambo ya majukwaa. Mwaka 1934 alikamatwa nchini Austria kwa sababu za kisiasa. Alipoachiliwa alihamia Prague, na huko aliolewa na Pavel Brandeis na kuanza kuwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi.

Mwezi wa Desemba mwaka 1942 yeye na mumewe walipelekwa Terezín. Kila mfungwa aliruhusiwa mzigo wa kilo 50 tu, na yeye alitenga sehemu ya mzigo huo kwa ajili ya vifaa vya kuchorea. Kwa sadfa ya historia, Terezín iko kilomita chache tu kutoka Litoměřice, mji alikozaliwa Cižek.

Kati ya mwaka 1941 na 1945 watu wapatao 140,000 walipitishwa katika kambi hiyo, wakiwemo maelfu ya watoto. Takriban 33,000 walifia humo humo kwa njaa na maradhi, na zaidi ya 80,000 walisafirishwa kwenda mashariki, wengi wao kwenye kambi za maangamizi. Watoto wengi walitenganishwa na wazazi wao na kuwekwa katika mabweni. Kuwafundisha masomo ya shule kulipigwa marufuku, lakini kuchora na kazi za mikono viliruhusiwa. Kupitia upenyo huo mdogo, Friedl Dicker-Brandeis alianza darasa lake katika bweni la wasichana lililojulikana kwa namba L410.

Hakukuwa na karatasi za kutosha. Watoto walichora nyuma ya fomu na karatasi za ofisini zilizokwisha tumika. Mwalimu aliwapa mazoezi ya mistari na mapigo aliyojifunza Bauhaus, akawaonyesha nakala za picha za wachoraji wakubwa, akawaeleza rangi zinavyoitikiana. Mara nyingine aliwaacha wachore watakacho. Katika mhadhara alioutoa humo kambini mwaka 1943 kwa walezi wenzake, alieleza kwamba hakukusudia kuwafanya watoto wote kuwa wachoraji. Alikusudia kuziamsha nguvu zao za kuwaza na kuhukumu mambo wenyewe, na aliwaonya watu wazima wasiharakishe kumlazimisha mtoto aone kama wao.

Watoto walichora nini? Walichora nyumba walizozihama, meza ya chakula ya siku ya Sabato, maua, vipepeo na watu wa hadithi. Walichora pia vitanda vya ghorofa tatu, foleni ya chakula, wagonjwa na walinzi. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu waliletwa kuitembelea Terezín. Kabla ya ziara hiyo Wanazi walipaka kuta rangi, wakapanda maua na kuwasafirisha maelfu ya wafungwa kwenda Auschwitz ili mji usionekane umejaa. Wageni walionyeshwa maigizo, nao hawakuona kilichofichwa nyuma yake. Michoro ya watoto, ambayo hakuna mkuu wa kambi aliyeijali, ilihifadhi yale ambayo wageni hawakuonyeshwa.

Katika vuli ya mwaka huo mumewe aliwekwa katika msafara wa kwenda mashariki. Friedl aliomba kumfuata. Kabla ya kuondoka, michoro ya wanafunzi wake iliwekwa katika masanduku mawili na kufichwa humo humo kambini. Aliuawa Auschwitz-Birkenau mwezi wa Oktoba mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 46. Mumewe alinusurika. Masanduku nayo yalinusurika, na ndiyo Willy Groag, aliyekuwa msimamizi wa bweni la wasichana, aliyoyafikisha Prague.

Jina, umri na mahali

Jambo moja katika michoro hiyo ni rahisi kupitwa nalo. Mingi imeandikwa jina la mtoto, na mara kwa mara namba ya chumba au kikundi chake. Mwalimu alilisisitiza hilo. Katika kambi ambayo mtu alisafirishwa kwa namba, mtoto wa miaka kumi aliketi akaandika jina lake kamili chini ya ua alilolichora.

Umuhimu wa uamuzi huo ulionekana baada ya vita. Kwa kuwa majina yalikuwepo, watafiti waliweza kuyalinganisha na orodha za misafara na kujua kila mchoro ni wa nani, alizaliwa lini na alipelekwa wapi. Kwa watoto wengi waliouawa pamoja na familia zao zote, karatasi moja yenye jina ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kuonyesha kwamba waliishi na kwamba walikuwa na jicho lao la kutazama ulimwengu. Kama karatasi zile zingekuwa hazina majina, tungekuwa na picha za kusikitisha za watoto wasiojulikana. Sasa tunao watu.

Mfano mwingine ni wa Petr Ginz, mvulana wa Prague aliyekuwa Terezín, aliyehariri jarida la siri la wavulana na kuchora picha ya milima ya mwezini huku dunia ikionekana kwa mbali. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 16. Mwanzoni mwa mwaka 2003, mwanaanga wa kwanza wa Israeli, Ilan Ramon, alichukua nakala ya picha hiyo katika chombo cha anga cha Marekani, Columbia. Chombo hicho kilisambaratika kikirejea duniani tarehe 1 Februari 2003, na wanaanga wote saba walikufa. Siku hiyo Petr Ginz angetimiza miaka 75. Tunaweza kuhesabu hivyo kwa sababu jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa havikutenganishwa na mchoro wake.

Hii ndiyo kazi ya msingi ya jumba la makumbusho ya sanaa ya watoto. Kuitundika picha ukutani ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba picha, jina, umri, mahali na maneno ya mtoto havipoteani njiani.

Majumba ya baada ya vita

Kilomita zisizozidi 25 kutoka Prague kuna kijiji cha Lidice. Tarehe 10 Juni 1942 Wanazi waliwapiga risasi wanaume 173 wa kijiji hicho kulipiza kisasi cha kuuawa kwa kiongozi wao Reinhard Heydrich. Wanawake walipelekwa kambini, na watoto 82 waliuawa kwa gesi huko Chełmno, nchini Poland. Mwaka 1967 yalianzishwa mashindano ya sanaa ya watoto kwa kumbukumbu yao, na kuanzia mwaka 1973 yakawa ya kimataifa. Maelfu ya kazi kutoka mabara yote hupelekwa Lidice, na zilizochaguliwa huonyeshwa kijijini hapo. Kijiji kilichonyang'anywa watoto wake kinapokea michoro ya watoto wa wengine.

Huko Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, mhakiki wa sanaa Henrik Igityan alianzisha jumba la sanaa ya watoto mwaka 1970. Mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza la aina yake duniani. Mjini Oslo, Norway, mtengeneza filamu Rafael Goldin na mkewe Alla, waliokuwa wamehamia huko kutoka Muungano wa Kisovieti, walifungua Jumba la Kimataifa la Sanaa ya Watoto mwaka 1986, wakakusanya kazi kutoka nchi zipatazo 180. Mjini New York, jumba la sanaa la watoto lililoanzishwa Manhattan mwaka 1988 liliunganisha mambo mawili: kuhifadhi kazi za watoto, na kuwapa watoto wanaokuja nafasi ya kufanya kazi na wasanii.

Njia nyingine iliyotoka katika darasa la Friedl ilielekea hospitali na shule za watoto wenye matatizo. Msaidizi wake wa Prague, Edith Kramer, alikimbilia New York mwaka 1938 na kuwa mmoja wa waasisi wa tiba kwa njia ya sanaa. Alikuwa ameona kwa macho yake watoto wakimbizi, wasioweza kuyasimulia yaliyowapata, wakiyatoa kwenye karatasi.

Tahadhari za wataalamu

Je, tunaweza kuusoma mchoro wa mtoto kama tunavyosoma barua? Wataalamu wanatuonya tusikimbilie.

Rhoda Kellogg, mwalimu wa shule za chekechea mjini San Francisco, alikusanya michoro ya watoto wadogo inayokadiriwa kufikia milioni moja, na mwaka 1969 alichapisha matokeo ya utafiti wake. Alionyesha kwamba watoto wa jamii mbalimbali hupita njia zinazofanana. Huanza kwa mikwaruzo, kisha duara, kisha duara lenye miali kama jua, halafu huja mtu wa ajabu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotoka kichwani, kama kiluwiluwi. Mzazi anayemwona mtu huyo asiye na kiwiliwili asishtuke. Mtoto hajasahau tumbo. Amefika tu katika hatua ambayo wenzake wengi duniani hupitia.

Kwa hiyo anga jeusi katika picha huenda likamaanisha huzuni, na huenda likamaanisha kwamba kalamu ya buluu imekwisha. Njia ya kuaminika ni kumwuliza mtoto mwenyewe, na kuyaandika majibu yake.

Tahadhari ya pili inahusu mkono wa mtu mzima. Hata Cižek alilaumiwa na baadhi ya wahakiki kwamba kazi za wanafunzi wake zilifanana mno, ishara kwamba mwalimu aliyesema hafundishi alikuwa akielekeza kimyakimya. Mashindano nayo yana hatari hiyo hiyo. Walimu wakishajua majaji wanapenda nini, watoto huchora kile kinachoshinda. Ndiyo maana makumbusho makini huuliza mchoro ulifanywa katika mazingira gani, nani aliomba na nini kiliombwa.

Ushahidi kutoka Darfur

Maswali hayo yalipata uzito mpya karibu zaidi na Afrika Mashariki. Vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan, vilianza mwaka 2003, na zaidi ya watu 200,000 walivuka mpaka na kuingia Chad. Mwaka 2005 watafiti wa shirika la Human Rights Watch walikwenda katika kambi za wakimbizi kuwahoji watu wazima. Ili watoto wasikae bure, waliwapa karatasi na kalamu za rangi. Bila kuagizwa, watoto walichora wapanda farasi na ngamia wenye bunduki, ndege zikidondosha mabomu na nyumba za nyasi zikiwaka moto.

Mwaka 2007 shirika la Waging Peace la Uingereza lilikusanya michoro ipatayo 500 katika kambi za mashariki mwa Chad. Baadaye mwaka huo Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, yenye makao yake mjini The Hague, iliipokea kama ushahidi wa kueleza mazingira ambamo uhalifu ulitendeka. Serikali ya Sudan wakati huo ilikuwa ikikana kuwashambulia raia. Michoro ilionyesha helikopta na ndege za kivita, vitu ambavyo wapiganaji wa mgambo hawakuwa navyo.

Hapa kanuni ya jina inakumbana na kanuni nyingine. Mtoto aliye kambini bado yumo hatarini, na kulitangaza jina lake kamili kunaweza kumletea madhara yeye au jamaa zake. Katika hali kama hiyo jina halifutwi, linafichwa. Huandikwa katika kumbukumbu zilizofungwa, ili siku amani itakapopatikana mwenye mchoro aweze kusema: huu ni wangu.

Haki na hisani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989. Kifungu cha 13 kinampa mtoto uhuru wa kujieleza, na kinaitaja sanaa waziwazi kuwa mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Kifungu cha 31 kinamtambulia haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika maisha ya utamaduni na sanaa. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Marekani iliutia saini mwaka 1995, lakini ndiyo nchi pekee mwanachama wa Umoja wa Mataifa ambayo haijauridhia.

Mkataba huo ulibadilisha namna ya kuyatazama makumbusho haya. Yaliyokuwa yakionekana kuwa hisani ya watu wenye moyo mwema sasa yanaweza kudaiwa kama haki. Pamoja na haki huja maswali. Mchoro ni mali ya nani? Kwa kawaida ni wa aliyeuchora, hata kama ana miaka sita, na sheria za hakimiliki za nchi nyingi hazitazami umri. Shirika linalochapisha mchoro wa mtoto kwenye kadi za kuchangisha fedha linapaswa kuwa na idhini.

Kazi isiyoonekana

Nyuma ya kuta za maonyesho kuna kazi ambayo wageni hawaioni. Watoto huchora kwa vifaa duni kuliko wasanii wote. Karatasi ya bei nafuu ina asidi inayoifanya igeuke manjano na kukatika. Wino wa kalamu za rangi hupauka kwa mwanga. Rangi nzito hubanduka, na picha zilizobandikwa mbegu au tambi hualika wadudu.

Kwa hiyo michoro huwekwa gizani, katika masanduku ya karatasi isiyo na asidi, mahali penye joto na unyevu usiobadilikabadilika. Huonyeshwa kwa zamu, na mara nyingi kinachotundikwa ni nakala. Gharama hizo ni za kila mwaka, lakini wafadhili hupenda zaidi kufungua maonyesho kuliko kulipia masanduku. Majumba ya aina hii kwa kawaida ni madogo, yameanzishwa na mtu mmoja au wawili wenye shauku, na huyumba waasisi wanapozeeka.

Kwa walio mbali na nyumbani

Familia inayoishi Muscat, London au Minneapolis haina haja ya kusubiri jumba la makumbusho. Mtoto aliyezaliwa ugenini akimchora bibi yake wa Tanga au Mombasa, ambaye amemwona kwa simu tu, anatunza kitu ambacho hakimo katika albamu yoyote ya familia: namna nyumbani kunavyoonekana kwa mtu ambaye hajafika. Baada ya miaka ishirini, bibi huenda asiwepo, na mtoto mwenyewe atakuwa amesahau.

Utaratibu wa makumbusho unaweza kufuatwa mezani jikoni. Chagua michoro michache kila mwaka, na mwache mtoto achague pamoja nawe. Nyuma ya karatasi andika kwa penseli jina lake, umri, tarehe na mji mnaoishi. Mwulize amechora nini, uandike jibu lake kama alivyolisema, kwa lugha aliyoitumia, bila kulisahihisha. Usitumie selotepu, kwani huacha doa la manjano. Weka michoro mahali pakavu, mbali na jua.

Akishajua kuandika, mwachie penseli aweke jina lake mwenyewe.